Boti ya saa moja asubuhi haiondoki "at one": Kiingereza cha safari kwa mtu wa mapokezi

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa Tanga, nimemaliza kidato cha nne, na sasa nipo mapokezi kwenye hoteli ndogo huku Nungwi, Zanzibar. Kazi yangu kubwa ni kuwapangia wageni usafiri: teksi ya uwanja wa ndege, boti ya Dar, ngalawa ya kutembeza watu jioni. Juzi nilimwachia mgeni ujumbe huu chumbani: "Dear guest, your travel to Dar is tomorrow. Driver will pick you at 10:30 in the night and drop you at port. You will climb the boat at 1:00 in the morning. Please carry your luggages and reach at port early." Mgeni akaja mapokezi na karatasi mkononi, akaniuliza ni boti gani hiyo inayoondoka usiku wa manane. Boti yenyewe ni ya saa moja asubuhi. Nimekosea wapi hasa, na nifanyeje nisirudie? Halafu, nifuate Kiingereza cha Uingereza au cha Marekani?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Umefanya vizuri kuuleta ujumbe wenyewe, maana ndani yake yamo karibu makosa yote ambayo nimekuwa nikiyasahihisha kwa watu wa mahoteli, madereva na waongoza watalii. Uliufikiri ujumbe kwa Kiswahili, kisha ukabadilisha neno moja moja. Kwenye mambo ya usafiri njia hiyo inaponza kuliko kwingine, kwa sababu Kiswahili kina maneno machache mapana, kama panda, shuka, safari na gari, na Kiingereza kimelipasua kila moja vipande vitatu au vinne. Kipande cha kutumia kinategemea chombo unachokizungumzia, si kitendo peke yake. Kwa hiyo neno la Kiingereza la safari lijifunze pamoja na chombo chake.

Lakini kabla ya maneno, tuanze na saa, kwa kuwa hiyo ndiyo ingeweza kumkosesha mgeni boti au ndege.

Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza, kwa hiyo saa moja ni saa ya kwanza ya mchana. Kiingereza kinaanza kuhesabu usiku wa manane, kisha kinaanza tena adhuhuri. Saa moja yetu ni "seven", saa kumi yetu ni "four", na tofauti ni saa sita siku zote. Ulipoandika "1:00 in the morning", mgeni alisoma saa saba za usiku. Ulipoandika "10:30 in the night" ukiwa na maana ya saa kumi na nusu alfajiri, alisoma saa nne na nusu usiku. Tazama sasa makosa hayo mawili yalivyoshikana: gari linakuja saa nne na nusu usiku, boti inaondoka saa saba usiku, na muda uliopo katikati unatosha kabisa kutoka Nungwi hadi bandari ya Malindi. Ujumbe umetulia, hauna hata namba moja ya kumfanya msomaji ashituke. Bahati yako mgeni alikuwa na wasiwasi wa boti ya usiku. Mwingine angekubali tu, akakaa mapokezi na mabegi yake akingoja dereva ambaye bado amelala.

Dawa yake ni kuacha kutafsiri saa kichwani. Soma namba za simu yako. Pale simu inaposema 07:00, andika 7:00 am, na ongeza "in the morning" kama unaongea kwa mdomo. Dereva mwambie saa moja, mgeni msomee namba. Watu wa mapokezi wanaokosea saa mara nyingi wanajua vizuri hesabu ya kuongeza sita. Kinachowaponza ni haraka, simu inalia huku mgeni anasubiri. Namba ikiwa mbele ya macho hakuna hesabu ya kufanya. Na saa sita mchana usiiandike "12:00 pm", wala saa sita usiku usiiandike "12:00 am", kwa sababu hata wenye lugha yao hubabaika hapo. Andika "noon" kwa mchana na "midnight" kwa usiku.

Kuna mtego wa pili wa saa, na huu unagusa ndege. Ndege nyingi za kimataifa kwenye viwanja vyetu huondoka usiku sana. Tiketi itasema, kwa mfano, Wednesday 5 March, 00:40. Kwa Kiswahili tunasema usiku wa kuamkia Jumatano, na wazee wa pwani, ambao siku yao huanza jua likizama, huuita moja kwa moja usiku wa Jumatano. Mgeni kwa upande wake anauita "Tuesday night", kwa sababu kwake usiku ni mkia wa siku iliyopita. Ukimwambia "Wednesday night", atabaki ufukweni Jumatano nzima na ndege imeshaondoka tangu usiku wa kuamkia siku hiyo. Basi usiutaje usiku peke yake. Andika siku na tarehe mara mbili, ya kutoka hotelini na ya kuruka: "Your car leaves the hotel on Tuesday 4 March at 8:30 pm. Your flight leaves on Wednesday 5 March at 12:40 am." Ni ndefu, lakini haina njia mbili za kusomeka.

Sasa tuje kwenye "climb the boat". Kwetu mtu anapanda mti, mlima, basi, farasi na ndege, kitenzi kimoja. "Climb" ya Kiingereza ni ile ya mti, ngazi na mlima tu. Mgeni ukimwambia "climb the boat" anajiona akiparamia ubavu wa meli kwa mikono. Vyombo vina vitenzi vyao, na kanuni ni rahisi: jiulize kama abiria anaweza kusimama na kutembea ndani. Kwenye basi, treni, ndege, meli na boti kubwa ya abiria anaweza, kwa hiyo ni "get on", na kushuka ni "get off". Kwenye gari dogo, teksi na bajaji unainama, unaingia na kukaa, kwa hiyo ni "get in" au "get into", na kushuka ni "get out". Ngalawa na mtumbwi vinafuata teksi: "get into the boat". Baiskeli, pikipiki na farasi, kwa kuwa unakaa juu yake, vinarudi kwenye "get on" na "get off". Ndiyo maana "get on the taxi" inamchekesha mgeni, maana anamwona mtu amekaa juu ya paa. Daladala ndogo ya Haisi iko katikati, na utasikia watu wakisema yote mawili. Hapo usijitese.

"Board" inafaa kwa ndege, meli, treni na basi la masafa, ila ni neno la tangazo na la tiketi. Kwenye ujumbe wa hoteli linakubalika. "Alight", ambalo wenzetu wa Kenya wanalipenda sana, ni la kwenye vibao na vipaza sauti. Mgeni wa kawaida hasemi "I alighted from the taxi", na wengine hawalijui.

Kuendesha nako kuna mgawanyo huo huo. Gari, basi na lori ni "drive". Baiskeli, pikipiki na farasi ni "ride". Mgeni akitaka kukodi skuta, mwulize "Can you ride a scooter?" Na anayebebwa tu nyuma ya bodaboda naye anasemekana "ride", kwa hiyo ukitaka kujua kama ataendesha mwenyewe, sema wazi: "Will you ride it yourself?"

Liko jambo moja la panda na shuka ambalo vitabu vya shule hulipita. Kiswahili husema gari limeniacha. Watu wetu huligeuza likawa "the bus left me" au "I was left by the bus". Kiingereza kinamweka abiria mbele: "I missed the bus", "I missed my flight". Mgeni akikwambia "I'm afraid of missing the boat" hana maana kwamba ataikumbuka boti kwa huzuni, anaogopa kuachwa. Na kuwahi chombo chenye ratiba ni "catch": "If you leave at 4:30, you will catch the seven o'clock ferry."

Maneno mengine ya ujumbe wako yanahitaji marekebisho madogo. "Pick" peke yake ni kuchuma tunda au kuchagua; kumpitia mtu kwa gari ni "pick you up", na hiyo "up" usiisahau. "Drop you at the port" inakubalika, ingawa "drop you off" ni salama zaidi. "Carry" ni kubeba kwa mikono au mgongoni. Ukimwandikia mgeni "please carry your luggage" atadhani hoteli haina mtu wa kumsaidia mizigo, na atasikitika. Ulitaka kusema aje nayo, na hiyo ni "bring". "Luggage" haina wingi, iwe begi moja au kumi. Ukitaka kuhesabu, hesabu "bags" au "suitcases". Kufika ni "arrive at the port", "arrive in Dar es Salaam", au kwa urahisi kabisa "get to" kwa mahali popote. "Reach" haipokei kihusishi, ni "reach the port" basi, na "arrive to" haipo.

Halafu "your travel". Kiswahili kina safari, na neno hilo linabeba kila kitu: ya saa moja kwenda mjini, ya wiki kwenda Serengeti, ya baharini, hata ile ya maisha. Kiingereza kina maneno mengi, na "travel" kama nomino ni kusafiri kwa jumla, kitu kisichohesabika. Huwezi kuwa na "a travel" wala kumwambia mtu "your travel is tomorrow". Kwenda na kurudi, pamoja na yanayofanyika huko, ni "trip": "a trip to Prison Island", "a business trip". Ule mwendo wenyewe, kutoka hapa hadi pale, ni "journey": "The journey to town takes over an hour." Ziara ya kuongozwa ni "tour". "Voyage" ni safari ndefu ya baharini, na boti ya Dar, ambayo kwa chombo cha kasi ni kama saa mbili, haistahili neno hilo. Ni "crossing", kuvuka. Kwenye biashara yenu kumpeleka mgeni kutoka uwanja wa ndege hadi hotelini kunaitwa "transfer", na neno hilo mgeni atakuwa ameshaliona kwenye risiti yake. Na "safari" lenyewe wamelichukua kwetu, ila wakalibana: kwao ni kwenda kuona wanyama tu. Ukimtakia "good safari" mtu anayerudi Milano, atakusahihisha kwamba hakwenda mbugani. Mwambie "Have a safe trip".

Ukiyakusanya haya, ujumbe wako unakuwa hivi:

"Your ferry to Dar es Salaam leaves tomorrow, Friday 7 March, at 7:00 in the morning. The driver will pick you up at reception at 4:30 am and drop you off at the port. Please bring your passport and all your luggage. You should get to the port by 6:00 am."

Angalia "leaves". Chombo chenye ratiba Kiingereza hukisemea kwa wakati uliopo hata kama kitaondoka kesho. "Will leave" si kosa, lakini hiyo ya kwanza ndiyo inayosikika kwenye vituo na bandari. Na nimeongeza pasipoti kwa kuwa mgeni wa nje ataulizwa kitambulisho bandarini, na ni heri akumbushwe akiwa bado chumbani.

Nimekwepa "check in" kwa makusudi. Neno hilo linakaa hotelini na kwenye usafiri pia, na wewe uko kati ya hivyo viwili. Mgeni anayeondoka akikuuliza "What time should I check in?", anaulizia ndege au boti, si chumba. "Check out" kwa upande wake ni ya hoteli tu. Ukihisi mgongano, ongeza jina la mahali: "check in at the airport", "check out of your room".

Kundi jingine linalonipa wasiwasi ni maneno yetu yanayofanana na Kiingereza kwa sauti. Yanatoka kinywani bila kufikiri, na kwa sababu asili yake ni Kiingereza tunaamini yatarudi huko salama. Trafiki kwetu ni askari. "Traffic" kwao ni magari yaliyopo barabarani, na mara nyingi foleni. Dereva anakupigia simu: trafiki katusimamisha, anakagua leseni. Wewe unamgeukia mgeni anayengoja na kumwambia "traffic stopped the car". Anaelewa kuna foleni, anaanza kujiuliza foleni gani ya kijijini asubuhi yote hii. Sema "The police have stopped the driver to check his papers. He will be here in twenty minutes." Foleni yenyewe ni "traffic jam", au "He is stuck in traffic".

Sheli kwetu ni kituo chochote cha mafuta, kwa jina la kampuni moja. Mgeni wa ufukweni ukimwambia "wait at the shell" atatafuta kombe la baharini. Ni "petrol station". Stendi ni "bus station", na pale daladala inaposimama njiani ni "bus stop". "Stage" ya Kenya haieleweki nje ya kanda yetu. Kiplefti, iliyotokana na kibao cha kumwamuru dereva akae kushoto, kwa Kiingereza ni "roundabout". Stepni lilikuwa jina la gurudumu la akiba la kampuni moja ya Wales, mwanzoni mwa karne ya 20. Huko kwao limeshasahaulika, nao husema "spare wheel" au "spare tyre". Tairi likipata pancha, sema "We have a puncture" au "a flat tyre". Lifti ya njiani kwa Mwingereza ni "lift", kwa Mmarekani ni "ride". Na kutembea kwa miguu ni "walk" au "go on foot". "Footing" tunayoisikia sana kwa maana hiyo ni ya kwetu wenyewe.

Daladala liite daladala, wageni wengi hufurahi kulijua jina, ila eleza mara moja: "a shared minibus". Hapa kuna tahadhari kwa mgeni aliyepitia Uganda: Kampala "taxi" ni ile ile daladala ya abiria 14, na teksi ya kukodi peke yako huitwa "special hire". Akikuuliza bei ya "taxi" na wewe ukamtajia ya gari zima kutoka Nungwi hadi mjini, atadhani unamwibia. Mwulize kwanza: "A private car, or the shared minibus?"

Kwa wanaounganisha ndege, jua tu kwamba "direct flight" inaweza kutua mahali njiani na kuendelea na namba ile ile, wakati "non-stop" haitui kabisa. Mgeni akikuuliza moja, usimjibu kwa nyingine.

Swali lako la mwisho, Uingereza au Marekani. Umefundishwa Kiingereza cha Uingereza, na tunaendesha kushoto kama wao. Baki hapo. Kuchanganya hovyo, "petrol" sentensi hii na "gas" inayofuata, kunamchosha msikilizaji. Lakini fikiria wageni wenu wenyewe: Wataliano, Wafaransa, Wajerumani, watu wa Poland. Wengi hawatoki Uingereza wala Marekani. Kiingereza chao walikipata darasani kama wewe. Hao wanahitaji neno linaloeleweka pande zote, na ukilijua litumie hilo. Badala ya "Your bag is in the boot", ambayo Mmarekani ataisikia kama kiatu, sema "in the back of the car". "Coach" kwa Mwingereza ni basi la masafa, kwa Mmarekani ni daraja la bei nafuu kwenye ndege. "Bus" haina shida popote. "Pavement" kwa Mwingereza ni njia ya waenda kwa miguu, na kwa Mmarekani ni lami yenyewe wanakopita magari, kwa hiyo usimwelekeze mtu kutembea juu yake. Sema "Walk on the side of the road". "Single" ya tiketi iandike "one-way". "Return" ni sawa, na Mmarekani akisema "round trip" ujue ni hiyo hiyo.

Tarehe ndiyo ya kuchunga kuliko maneno yote hayo. Ukiandika 7/3, Mwingereza, Mtaliano na wewe mtasoma tarehe 7 Machi. Mmarekani anaanza na mwezi, atasoma tarehe 3 Julai. Kwenye fomu ya boti, ya teksi na ya chumba, andika jina la mwezi.